Sauti Iliyobaki Nyumbani

Feza amekufa mwezi huu, nami nimekuja kukaa kilio chake. Kwetu kilio si machozi peke yake. Ni zile siku zote ambazo watu wanaketi pamoja kwa marehemu, wanapika, wanalala kwenye mikeka, mpaka wenye nyumba waseme sasa kilio kiondolewe na kila mtu arudi kwake. Nilitoka Kabambare kwa pikipiki, nyuma ya kijana asiyenijua. Njia nzima hakuniuliza kitu, na moyoni nilimshukuru. Nyumba ya Feza ni ile ile aliyoachiwa na mama yake, nje kidogo ya Kasongo, upande wa njia inayokwenda kwetu. Wameweka mabati mahali pa nyasi, na ukuta mmoja umejengwa upya. Jiko ni lile lile. Nimeegemea ukuta wake, na harufu ya mawese na moshi ikanirudisha nyuma bila mimi kutaka.

Nataka kusema habari ya mwaka mmoja tu, ule mwaka shule yetu ilipofunguliwa tena baada ya vita. Habari za wazazi wangu naziacha. Nyingine ni ndefu, nyingine sipendi kuzisema. Itoshe kwamba kwetu hakukuwa na shule, na mama yake Feza alikubali nikae kwake ili nisome. Shuleni sikufika mbali. Lakini mwaka ule ninao wote, kama vile niliishi humo peke yake na miaka mingine nimepita tu.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha mama, kimoja chetu sisi wasichana. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kizuri cha mianzi, kimefungwa kwa kamba mpya, na juu yake shuka iliyofuliwa. Hakuna aliyelala hapo. Mimi na Feza tulilala chini kwenye mkeka, kitanda kikiwa tupu kando ya vichwa vyetu. Siku ya kwanza nilipoweka kifurushi changu juu yake, mama akakitoa, bila hasira, akakiweka sakafuni. "Hiki ni cha Ramazani," akasema. "Akirudia atakuwa na uchovu."

Ramazani alikuwa mwanawe wa kwanza, kaka yake Feza. Wakati wa vita watu wenye silaha walimkamata njiani pamoja na vijana wengine, wakawabebesha mizigo, wakaenda nao upande wa Salamabila. Hakuna aliyerudi. Na kwa kuwa kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kila mtu alimwita Mama Ramazani. Asubuhi jirani anapita: "Mama Ramazani, umeamukaje?" Sokoni: "Mama Ramazani, leta kipimo." Jina la yule asiyekuwapo lilitajwa katika nyumba ile tangu asubuhi mpaka jioni, na mama aliitika kila mara.

Shule ilikuwa kuta bila paa. Madawati askari walikuwa wameyachoma kupikia, na ubao mmoja ulionekana kwa mtu fulani, ameufanya mlango wa choo. Aliombwa kwa adabu, akaurudisha kwa adabu, na kwa muda mrefu ukibandika pua karibu ungejua ulikotoka. Siku za Jumamosi tulifanya salongo, ile kazi ya wote: wanaume wanakanyaga udongo wa matofali, wanafunzi wanabeba maji, akina mama wanapika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sufuria kubwa chini ya kibanda. Uwanja wa michezo ulikuwa umelimwa muhogo na watu waliokimbilia pale. Tuliung'oa, tukaula, tukasawazisha mashimo. Wavulana walitaka mpira. Sisi wasichana Madamu Chantal, mwalimu wetu, alituuliza tunataka nini, na wote tulisema nzango.

Asiyejua nzango nimwambie. Wasichana wanasimama safu mbili wakitazamana. Mmoja wa safu hii na mmoja wa safu ile wanatoka mbele, wanapiga mikono, wanaruka, na wimbo ukifika neno lake la mwisho kila mmoja anatupa mguu. Miguu ikilingana, pointi ni ya timu moja. Ikipishana, ni ya timu nyingine. Mchezo wote uko katika kukisia mwenzako atatupa mguu gani. Na wimbo ndiyo saa ya mchezo. Anayecheza anaimba, na safu nyuma yake inaitikia. Ukimsikiliza vizuri, pumzi yake inakuambia mguu unaokuja.

Feza alikuwa na sauti kuliko sisi sote. Alipotwanga mpunga aliimba, na jirani zetu walijua kwa wimbo ule kwamba kwa Mama Ramazani wali unakuja. Ilikuwa hivyo mpaka wakati wa mavuno.

Mchana mmoja mama alikuwa shambani, sisi tuko uani na kinu, kila mmoja na mchi wake. Mtu akaingia. Alikuwa mwembamba, amebeba mfuko wa plastiki, na alisimama mbali kama mtu anayeogopa mbwa, ingawa hatukuwa na mbwa. Akauliza kama hapa ndipo kwa Ramazani. Feza akasema ndiyo, karibu, kaa. Hakukaa. Alisema anaitwa Salumu, walibebeshwa mizigo pamoja.

"Mama iko wapi?"

"Iko ku shamba, yaya," Feza akamjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Atarudia jioni."

Akatazama jua. Alikuwa anakwenda Salamabila kuchimba dhahabu, na wenzake walimngoja barabarani. "Basi wewe utamwambia," akasema. "Ramazani alishikwa na homa mu njia. Hawakumupiga, mwambie vile. Homa tu. Alianguka kando ya mto, na sisi tuliomba ruhusa ya kumuzika. Mimi mwenyewe nilichimba. Tulimuweka vizuri." Akasema tena, "Vizuri," akaenda zake.

Feza alinyanyua mchi akaendelea kutwanga. Mimi nilisimama. Akaniambia, "Twanga, Riziki, mpunga hautajitwanga." Tukatwanga, na hakuna aliyeimba. Jioni mama alirudi na mzigo wa mpunga kichwani, akatua, akauliza kama kuna mtu alipita. Feza akasema hapana. Nilimtazama, akatazama moto. Kwenye mkeka aliniambia, "Nitamwambia mimi. Wewe nyamaza." Nikanyamaza. Haikuwa kazi yangu kusema, na mpaka leo naona hivyo.

Hakumwambia, na nilielewa sababu siku niliyosikia maneno kupitia ukuta huu huu ninaouegemea. Mama Asha, jirani, alikuja kuomba chumvi, akakaa. Sisi tulikuwa upande wa pili tukichambua sombe.

"Mama Ramazani," akasema Mama Asha, "mimi ni mwenzako, hapana kukasirika. Ungelia kidogo. Mutu akilia, moyo unapumua."

"Nilie nani?"

"Unajua nani."

"Mutoto iko anatembea mu dunia, wewe unataka nikae chini nimulilie? Angalia Feza. Kila siku anaenda kucheza nzango. Umeona wapi mutu wa kilio anacheza nzango?"

Hapo mkono wa Feza ulisimama kwenye majani. Kwetu aliyefiwa hachezi na haimbi nyimbo za mchezo mpaka kilio kiondolewe. Feza akiacha nzango, kijiji kizima kitajua Ramazani amekufa, na mama yake atajua kabla ya wote. Akicheza na kuimba, anaruka juu ya kaburi la kaka yake. Kuanzia siku ile mama mwenyewe ndiye aliyemhimiza. Tukichelewa kuosha vyombo, alituondoa: "Muache, nitaosha. Feza, nenda ku nzango." Nami niliona Feza anakwenda uwanjani kama mtu aliyetumwa kubeba maji.

Basi alitafuta njia yake. Alicheza, lakini hakuimba. Alipiga mikono, aliruka, alitupa mguu, mdomo umefungwa. Siku ya kwanza tulidhani ana kikohozi. Madamu Chantal akamwuliza, "Feza, sauti iko wapi?" Naye akajibu kwa uso mkavu, "Sauti imebaki nyumbani, Madamu." Tulicheka wote, hata mimi niliyejua. Madamu akasema, "Basi piga mikono tu." Likawa neno la utani la timu yetu. Mtu akisahau kalamu, imebaki nyumbani. Akishindwa hesabu, akili imebaki nyumbani.

Jambo la ajabu ni kwamba bila wimbo Feza hakuweza kushindwa. Hukusikia pumzi yake, hukujua mguu unatoka lini. Tulishinda timu za jirani moja baada ya nyingine, na wasichana wa Nyangwe, waliokuja na samaki wakavu kama zawadi kwetu, walirudi wakisema tunachezesha jini. Mama Ramazani alisikia sifa sokoni, akafurahi. "Wanasema unawashinda wote," alimwambia Feza wakati wa chakula, akimwongezea mchuzi. Feza alikula akitazama sahani.

Mwisho wa mwaka ule madarasa mawili yalipata mabati, na prefe, mkuu wetu wa shule, akatangaza sherehe. Alikuwa mtu mwema aliyetoka Kindu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya salongo. Wazazi walialikwa. Wasichana wa shule ya Lusangi walialikwa kucheza nzango nasi, kisha wavulana wao na wetu wacheze mpira, kisha chakula. Mbuzi alichinjwa. Mama Ramazani alisimamia sufuria, na tangu asubuhi sauti yake ilisikika kibandani ikigombeza moshi, kuni na akina mama wengine.

Mchezo ulianza vizuri, uwanja umejaa mpaka mipakani. Lusangi walikuwa wakali. Nahodha wao aliitwa Mwamini, msichana mrefu mwenye mdomo, na safu yao iliimba mpaka unahisi ardhini. Walitangulia. Halafu Feza akatoka mbele, akachukua pointi, akachukua nyingine, kimya, na watu wetu wakaanza kupiga kelele. Mwamini akainua mkono, akaenda kwa Madamu Chantal aliyekuwa mwamuzi.

"Madamu, huyu wenu ni bubu?"

"Si bubu."

"Haimbi. Wimbo ndiyo saa. Asiyeimba anatuibia."

"Nzango inachezwa na miguu, mwanangu, si na mdomo."

"Basi hata kuku ana miguu," akasema Mwamini. "Muingize kuku."

Uwanja wote ulicheka, watu wetu na watu wao. Kicheko kilifika kibandani, na mtu akampelekea Mama Ramazani habari kwamba wanamtukana Feza. Alikuja na mwiko mkononi, bado unatoa mvuke, kanga imefungwa kiunoni. Watu walimpisha.

"Nani anasema mutoto wangu haimbi?" Hakuwa na hasira, alikuwa na fahari. "Feza anaimba. Sauti yake inapita yenu wote. Feza, imba wasikie."

Feza alikuwa katikati, kati ya safu mbili. Alitutazama sisi, akatazama chini. "Mama, sauti imebaki nyumbani."

Timu yetu ilicheka kwa mazoea. Mama hakucheka. Alisimama hapo, na nikaona uso wake unabadilika polepole, si kama mtu anayesikia jambo jipya, ila kama mtu aliyechoka kushika mlango.

"Nyumbani nimetoka asubuhi," akasema. "Haiko kule."

Kicheko kikaisha.

"Tangu mavuno haiko," akasema tena, sasa kwa sauti ndogo, na sote tulisikia. "Unatwanga bila kuimba. Nilijiambia ni uchovu. Ni nani alikuambia?"

"Salumu. Mwenzake wa mizigo."

"Walimuua?"

"Hapana, mama. Homa tu."

"Alizikwa?"

"Alizikwa. Kando ya mto. Salumu mwenyewe alichimba. Alisema walimuweka vizuri."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi. Akauweka mwiko juu ya nyasi, taratibu, sehemu ya kupikia ikitazama juu isishike udongo. Akafungua kitambaa chake cha kichwa. Halafu akakaa chini, pale pale katikati ya safu mbili, akanyoosha miguu kama wanavyokaa waliofiwa, akaita, "Ramazani." Mwaka mzima nilikuwa nasikia jina lile, nikilitamka mimi mwenyewe kila asubuhi kumsalimu mama. Siku ile ndiyo nilisikia kwa mara ya kwanza mwenye jina akiitwa.

Mama Asha alifika wa kwanza, akakaa nyuma yake akamshika mabega. Halafu wakaja wengine. Wakati wa vita watu wengi walizikwa haraka, porini, bila kilio, kwa sababu sauti ingewaita wenye silaha. Mama mmoja alipoita jina la mtu wake, wa pili aliita lake, na majina ambayo hayakuwahi kuliliwa yalitoka pande zote za uwanja, pamoja na majina ya watu wa Lusangi. Prefe alikuwa amesimama na hotuba yake mkononi. Alimsogelea Madamu Chantal akauliza kwa upole programu itakuwaje. Madamu akamwambia, "Prefe, kaa chini." Akakaa chini, na suruali yake ile.

Mpira haukuchezwa. Wavulana wa timu zote mbili walikwenda kutafuta kuni, kwa kuwa chakula cha sherehe kilikuwa sasa chakula cha kilio na watu walikuwa wengi. Wasichana wa Lusangi hawakuondoka. Mwamini alikaa karibu nami, akachukua ule mwiko kwenye nyasi, akauliza, "Sufuria iko inaungua?" Kweli ilikuwa inaungua. Alikimbia kibandani, akageuza wali, na ndiye aliyegawa. Tulikula wali wenye ukoko mweusi, na sijasikia mtu aliyelalamika.

Kilio kilihamia nyumbani, kikakaa siku zake. Kilipoondolewa, mama alinyolewa nywele, ua ukafagiwa, majirani wakarudi kwao. Jioni ile mama alikuja chumbani kwetu na shuka safi, akaitandika kwenye kitanda cha mianzi, akasema, "Mulale hapa. Kinaoza bure." Hatukusogea. Akapiga kitanda kwa kiganja, mara moja, kama unavyomwita mtoto. Tukapanda. Kamba zililia chini yetu, na Feza akageukia ukutani. Mama Asha alikuwa ameuliza siku ile kama sasa aitwe Mama Feza. Mama alijibu akiendelea kufagia: "Ramazani nilimuzaa kwanza. Muniite vile vile." Aliitwa hivyo mpaka tulipomzika.

Kiangazi tulikwenda Lusangi kumaliza mchezo. Tulikubaliana kuanzia pale ulipokatika. Feza aliingia akaimba. Sijui nielezeje sauti ile. Watu wa Lusangi wenyewe waliacha kuitikia timu yao wakamsikiliza. Na tulishindwa vibaya sana. Kila alipovuta pumzi, Mwamini alijua mguu. Mwishoni alimkumbatia Feza akamwambia, "Ulipokuwa kuku nilikuogopa. Sasa nakusikia mpaka ndani ya magoti." Feza alicheka hadi akakaa chini. Tulirudi nyumbani tukiimba, watu walioshindwa, na mama aliyekuwa anatungoja njiani alisikia kutoka mbali akadhani tumeshinda.

Hayo ndiyo nimeyawaza hapa, nimeegemea jiko. Jana Mwamini alifika kutoka Lusangi. Sasa ni mama mnene, anatembea na fimbo kwa sababu ya goti. Alilia jina la Feza mlangoni, akaja akakaa karibu nami, tukashikana mikono muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama wali unaangaliwa. Nikamwambia unaangaliwa.

Leo asubuhi walinituma kuomba sufuria kubwa shuleni. Madarasa yamekuwa mengi, na uwanja una magoli ya chuma. Kwenye kona, pale kilipokuwa kibanda cha kupikia, wasichana walikuwa wanacheza nzango. Nilisimama na sufuria niliyopewa, nikatazama. Mmoja, wa umri ule tuliokuwa nao sisi, alikuja akanishika mkono.

"Mama, ulicheza nzango zamani?"

"Nilicheza."

"Basi kuja. Safu yetu inapungukiwa mutu."

Aliyefiwa hachezi. Nilijua hivyo, na nilijua pia mtu mmoja aliyecheza. Nikaweka sufuria chini, nikasimama mwisho wa safu yao na kitambaa changu cha kilio. Wakaanza wimbo nisioujua. Nikapiga mikono. Yule msichana akageuka akinitazama mdomo.

"Mama, mbona hauimbi?"

"Sauti imebaki nyumbani," nikamwambia.

"Haiko neno," akasema. "Piga mikono tu."